Klabu za Baada ya Shule Nairobi: Maswali ya Wazazi na Wenye Vituo Kuhusu Ubora na Ithibati

Kati ya saa tisa na nusu alasiri na saa moja jioni, watoto wengi wa Nairobi hawako shuleni na hawajafika nyumbani. Mama bado yuko kazini Industrial Area, baba amekwama kwenye foleni ya Outering, na mtoto yuko klabu: ukumbi wa kanisa, chumba cha chini cha fleti, au darasa lililokodishwa baada ya masomo. Nimeendesha klabu ya aina hiyo Eastlands kwa miaka 11, na siku hizi wenzangu huniita nipitie vituo vyao. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, mengine na wazazi langoni, mengine na wenye vituo kwa simu usiku.

Klabu ya baada ya shule ni nini hasa? Si ni tuisheni tu?

Hapana. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaeleza kwamba katika shule ya kutwa, masomo ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na moja kasorobo. Watoto wa chekechea (PP1 na PP2) hutoka mapema zaidi. Klabu ipo kwa ajili ya saa zinazobaki hadi mzazi afike. Kazi yake ni malezi: kumpokea mtoto, kumlisha, kumwacha acheze, kumsaidia na kazi ya nyumbani akihitaji, na kumkabidhi salama. Wale wanaogeuza klabu kuwa darasa la pili wajue pia kwamba kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza tuisheni za likizo. Klabu inayofungua milango Agosti na Desemba iwe na ratiba ya likizo kweli, na mzazi aione.

Leseni, usajili na ithibati: tofauti ni ipi?

Watu huchanganya haya matatu kila siku, na kuna vituo vinavyonufaika na mchanganyiko huo.

Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara mahali fulani. Kaunti imekupa kwa sababu umelipa na jengo lako limekaguliwa kwa moto na afya. Usajili ni kutambulika: jina lako liko kwenye orodha ya mamlaka fulani, nayo inajua upo na unafanya nini. Ithibati ni kitu kingine kabisa. Hapo mtu wa nje, asiyekula mshahara wako, anakuja na vigezo vilivyoandikwa, anaangalia unavyofanya kazi siku ya kawaida, anasoma madaftari yako, anazungumza na wafanyakazi na wazazi, halafu anaandika ripoti inayosema umefikia wapi na umepungukiwa wapi. Ithibati ina muda. Ikiisha, unakaguliwa upya.

Udhibiti wa ubora ni yale unayoyafanya mwenyewe kila siku kabla mkaguzi hajaja na baada ya kuondoka. Ithibati bila hayo ni fremu ya picha ukutani.

Je, Kenya ina ithibati ya taifa ya klabu hizi?

Hakuna cheti kimoja cha taifa kilichotungwa mahususi kwa klabu za baada ya shule. Kwa hiyo ukikuta bango limeandikwa "kituo kilichoidhinishwa", uliza swali moja: kimeidhinishwa na nani, na kwa vigezo gani? Mwenye kituo mkweli atakuonyesha kibali cha kaunti na kukwambia ni kibali cha kaunti.

Sababu ya pengo hili ni kwamba klabu imeangukia katikati. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto, na Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017. Lakini anayefikiriwa zaidi kwenye vituo hivyo ni mtoto mchanga na wa chekechea. Upande wa pili, maafisa wa ubora na viwango wa Wizara ya Elimu hukagua shule. Mtoto wa Gredi ya 4 anayekula mandazi kwenye ukumbi wa kanisa saa kumi na mbili jioni hayuko mikononi mwa yeyote kati yao moja kwa moja.

Hilo halimaanishi hakuna sheria. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto popote alipo, na Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Mwenye klabu hawezi kujitetea kwamba hakuna aliyemkagua.

Nchi nyingine hufanyaje?

Australia ndiyo mfano ninaoupenda. Tangu 2012 wana viwango vya taifa vyenye maeneo saba ya ubora, na klabu za baada ya shule zimo humo pamoja na vituo vya watoto wadogo. Kila kituo hupewa daraja, na mzazi anaweza kulitafuta kwenye intaneti kabla hajaandikisha mtoto. Uingereza, upande wa England, anayelea watoto wa chini ya miaka minane kwa zaidi ya saa mbili kwa siku anatakiwa, isipokuwa kwa misamaha michache, kujisajili na Ofsted, ile ile inayokagua shule.

Cha kuiga hapo ni uwazi. Ripoti inasomwa na mzazi, haifungiwi kabatini mwa ofisi. Jambo hilo klabu yoyote ya Nairobi inaweza kulianza kesho bila kungoja sheria mpya.

Klabu inapaswa kuwa na karatasi zipi?

Kibali cha biashara cha kaunti kwanza. Tangu 2023 Nairobi imeunganisha leseni ya biashara, usalama wa moto, afya na usafi wa chakula katika kibali kimoja, kwa hiyo ule mlolongo wa ofisi tano umepungua. Anayepika au kugawa chakula awe na cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, ambacho hufanyiwa upimaji upya kila baada ya miezi sita. Kila mfanyakazi, pamoja na mlinzi na dereva, awe na Cheti cha Mwenendo Mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, halafu mtu anaenda kuchukuliwa alama za vidole, mfano Huduma Centre ya GPO. Ongeza cheti cha huduma ya kwanza, angalau kwa watu wawili, kutoka Msalaba Mwekundu au St John Ambulance.

Omba uonyeshwe karatasi hizo. Angalia tarehe.

Kama hakuna ithibati, ubora unapimwaje?

Anza na daftari la kuchukua watoto. Nikiitwa kupitia kituo, naliomba hilo kabla ya chai, kabla ya kuonyeshwa midoli mipya na kuta zilizopakwa rangi. Nitaeleza kwa nini.

Jioni moja ya Aprili mvua ilikuwa imepiga tangu saa tisa, na stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Tulikuwa na watoto 23 ndani ya chumba kimoja, tukimulikia kwa simu. Msaidizi wetu alikuwa mlangoni. Akaja mwanamume, akamwita mtoto mmoja wa Gredi ya 2 kwa jina lake la nyumbani. Mtoto akamkimbilia, "Anko!", wakaondoka chini ya mwavuli mmoja. Dakika 20 baadaye mama yake akaingia, viatu vimejaa maji, akauliza mtoto wake yuko wapi. Nikafungua daftari kwa mwanga wa simu. Mstari wa mtoto huyo ulikuwa mtupu.

Tulimpata karibu saa mbili usiku kwa shangazi yake, anakula. Yule anko alikuwa anko kweli, ndugu ya baba. Lakini wazazi walikuwa wametengana na kulikuwa na kesi ya malezi mahakamani. Hatukujua kwa sababu siku ya kumwandikisha mtoto hatukuuliza, na fomu yetu haikuwa na nafasi ya kuandika nani haruhusiwi kumchukua. Nilimpigia magoti yule mama. Bado nakumbuka sauti yake akisema jina la mtoto huku akitazama kila uso chumbani.

Kuanzia wiki iliyofuata daftari letu likawa na jina la mtoto, saa aliyoingia, aliyemleta, saa aliyotoka, jina la aliyemchukua, sahihi yake, na sahihi ya mfanyakazi aliyemkabidhi. Kando yake kuna faili yenye picha za watu wasiozidi watatu wanaoruhusiwa kwa kila mtoto, na ukurasa wa wasioruhusiwa. Mzazi akimtuma mtu mwingine ghafla, anapiga simu mwenyewe na kutaja neno la siri alilochagua. Ujumbe wa WhatsApp peke yake hautoshi, simu huibwa Nairobi kila siku.

Kupima daftari kama hilo ni rahisi. Chagua tarehe ya wiki tatu zilizopita, hesabu walioingia na waliotoka. Halafu tazama mwandiko. Daftari la uongo lina wino mmoja na mkono mmoja, na saa zote ni 5:30, 5:30, 5:30. La kweli lina 5:12, 5:47, 6:31, sahihi zilizopinda za watu wenye haraka, tone la maji hapa na pale. Nimeona vituo vyenye vyeti vya kupendeza ukutani na daftari lililojazwa Ijumaa kwa mkupuo mmoja. Nimeona pia chumba kidogo Kayole kisicho na bango, ambapo mama mwenye kituo alinikabidhi madaftari ya miaka minne bila ukurasa ulioruka. Mimi mtoto wangu ningempeleka kwa huyo mama.

Mtu mzima mmoja kwa watoto wangapi?

Katika majimbo mengi ya Australia ni mmoja kwa watoto 15 wa umri wa shule. Kwa hali zetu naona ni wengi mno, kwa sababu klabu zetu nyingi zimo ndani ya ploti zenye ngazi, lango la barabarani na bodaboda zinazopita hapo hapo. Mimi nashikilia 10 kwa walio chini ya miaka minane na 12 kwa wakubwa. Lakini kuna kanuni iliyo muhimu kuliko nambari yoyote: wasiwe chini ya watu wazima wawili hata watoto wakiwa watano. Mtoto mmoja akianguka na kupasuka kichwa, mtu mmoja anakwenda naye hospitali. Nani anabaki na wanne?

Cheti cha Mwenendo Mwema hakitoshi kwa mfanyakazi?

Hakitoshi. Kinasema tu kwamba mtu hana rekodi. Piga simu kwa waajiri wawili wa nyuma na uulize kwa uwazi: "Ungemrudisha kazini kukaa na watoto?" Sikiliza kimya kinachofuata. Mfanyakazi mpya asikae peke yake na watoto miezi mitatu ya kwanza. Milango ya vyumba iwe na kioo au ibaki wazi. Na kila mtu atie sahihi mwongozo wa mwenendo unaosema kwa Kiswahili kinachoeleweka: hakuna kumpiga mtoto, hata kofi la mkononi, hakuna kumfungia, hakuna zawadi za siri, hakuna kumchati mtoto kwenye simu yake.

Wapo wazazi wanaosema, "Ticha, ukimwona ana utundu mchape tu." Nawajibu kwa heshima kwamba sheria ya Kenya imekataza, na hata kama isingekataza, mtoto aliyechapwa klabu hatakwambia siku atakapofanyiwa kitu kibaya zaidi.

Na chakula na maji?

Uji, ndengu, matunda, mayai ya kuchemsha: vinatosha. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, maana mitaa mingi hutegemea tangi na wauzaji wa mitungi. Orodha ya watoto wenye mzio wa karanga, mayai au maziwa ibandikwe jikoni, si ofisini.

Klabu yetu iko ghorofani. Moto ukitokea?

Hili linaninyima usingizi. Fleti nyingi za Pipeline, Umoja na Zimmerman zina vyuma madirishani na geti la chuma mlangoni, na funguo ziko mfukoni mwa mtu mmoja. Kama klabu yenu ni hivyo, mtungi wa kuzimia moto hautawaokoa. Funguo za geti ziwe mbili, moja ikining'inia mahali ambapo kila mtu mzima anaijua gizani. Pakiwezekana hamieni ghorofa ya chini. Jikoni la gesi lisiwe kati ya watoto na mlango.

Fanyeni zoezi la kutoka kila muhula, bila kutangaza siku, na muandike limechukua dakika ngapi. Mara ya kwanza tulichukua dakika sita kwa watoto 20, kwa sababu kila mmoja alitaka kuvaa viatu. Sasa hatuzidishi dakika moja na nusu, na watoto wenyewe ndio wanaowakumbusha wageni waache viatu.

Tunaweza kuweka picha za watoto mtandaoni kutangaza klabu?

Bila idhini ya mzazi, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini hiyo, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hata ukiwa na idhini, usionyeshe sare ya shule, jina, wala lango la kituo. Picha ya mikono inayochora inatangaza vizuri vilevile.

Mtoto asome au acheze?

Acheze kwanza. Mtoto aliyeamka saa kumi na moja asubuhi akangojea basi la shule gizani amechoka kufikia saa kumi jioni. Saa nzima ya kucheza, ale, ndipo nusu saa ya kazi ya nyumbani kwa anayetaka. Ninapokagua naangalia kama watoto wana lolote la kuchagua wao wenyewe. Klabu ambayo watoto wote 30 wamekaa kimya wakinakili ubaoni huwapendeza wazazi, lakini kwangu inapoteza alama.

Mnapokea watoto wenye ulemavu?

Klabu bora hupokea, na husema ukweli kuhusu inachoweza na isichoweza. Kaeni na mzazi kabla ya siku ya kwanza, muandike pamoja: nini humtuliza, nini humtisha, anaombaje kwenda choo, dawa gani na saa ngapi. Tuna mtoto mwenye usonji ambaye makelele ya saa kumi humzidi. Tulimtengenezea pembe yenye mkeka na pazia. Sasa watoto wengine watatu huikimbilia pembe hiyo wakichoka.

Mimi ni mzazi na nina dakika 15 tu. Niangalie nini?

Nenda saa kumi na mbili jioni bila kutoa taarifa, kwa sababu asubuhi kila kituo kinapendeza. Je, ulisimamishwa langoni ukaulizwa wewe ni nani? Kama uliingia moja kwa moja hadi kwa watoto, geuka uondoke. Nenda chooni: kuna maji, sabuni, na komeo ambalo mtu mzima anaweza kulifungua kwa nje? Muulize mfanyakazi wa chini kabisa, wala si mwenye kituo, angefanya nini mtoto akikosa kuchukuliwa hadi saa mbili usiku. Jibu lake ndilo litakalotumika siku hiyo. Mwisho, tazama watoto wakigombana. Tazama mtu mzima anafika kwa sauti gani.

Nashuku mtoto amedhulumiwa klabu. Nifanye nini?

Usianze na mwenye klabu, wala usikubali "tuyamalize hapa hapa". Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, usiku au mchana. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako na kituo cha polisi, uombe dawati la jinsia. Kama ni dhuluma ya kingono, mpeleke hospitali mara moja, kama vile Mama Lucy Kibaki au Kenyatta, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Usimwogeshe kabla. Nguo zake ziweke kwenye mfuko wa karatasi, zisifuliwe. Mwambie mtoto kwamba unamwamini, na usimhoji tena na tena, waachie waliofunzwa.

Klabu yetu ina watoto 12 na hatuna pesa za mkaguzi. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kujipima wenyewe. Chukua daftari la kurasa 96, andika maeneo matano: mapokezi na makabidhiano, wafanyakazi, jengo, chakula na afya, mchezo na uhusiano na watoto. Chini ya kila eneo andika tunachofanya, ushahidi uko wapi, nini kinapungua, nani atarekebisha, lini. Mkiandika "tunafanya vizuri" bila ushahidi, kateni. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mifumo mingi ya ithibati duniani, na gharama yake ni bei ya daftari.

Hatua ya pili, tafuteni klabu mbili za jirani mkaguane. Donholm tulianza watatu. Tulikubaliana kwamba anayekuja hatoi taarifa mapema, anakaa tangu saa tisa hadi mtoto wa mwisho aondoke, na ripoti yake inabandikwa mlangoni wazazi waisome, mazuri na mabaya. Mwenzetu mmoja aliogopa kupoteza wateja. Ripoti yake ya kwanza ilisema choo hakina taa na makabidhiano hayaandikwi. Aliibandika hivyo hivyo. Kesho yake jioni baba mmoja alikuja na balbu na waya, akaitundika taa huku binti yake akimshikia tochi.

Wenye vituo vya watoto wadogo mitaani wamewahi kupata mafunzo ya namna hii kupitia mashirika kama Kidogo, kwa hiyo ulizeni aliye karibu nanyi. Mengi yanahamishika kwa watoto wa shule. Na siku kaunti au wizara itakapoleta vigezo rasmi, pelekeni yale madaftari. Mkiwa na miaka miwili ya kurasa zisizoruka, afisa atakuwa na cha kusoma.